Goti langu la kulia: miezi 14 ya kujaribu kila kitu kabla ya kupasuliwa

Nilikubali kwamba ni ugonjwa, si uchovu, siku nilipojikuta nashuka ngazi kinyumenyume huku nimeng'ang'ania ukuta. Nina miaka 61. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa ya goti la kulia imekuwa nyembamba sana upande wa ndani, na pembeni mfupa umeota vijimwiba. Daktari wa mifupa akasema ni osteoathraitisi: gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika. Nikamwomba anibadilishie goti. Akanijibu, "Mama, goti la bandia lipo, halikimbii popote. Ila bado hujajaribu lolote." Nilitoka pale nimenuna, nikiona kama nimefukuzwa.

Nilianzia pasipofaa. Jirani aliniapia kwamba vidonge vya glukosamini vilimponya, nami nikavimeza miezi 4 bila kuona tofauti yoyote. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006: kwa wagonjwa wote kwa jumla, glukosamini na kondroitini hazikutuliza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa ndani. Fedha imekwenda, basi. Kinachoniuma ni ile miezi 4 niliyokaa nikisubiri kidonge kifanye kazi huku misuli ya paja ikizidi kulegea.

Kilichonisaidia hasa ni mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na hapa nataka kueleza vizuri kwa sababu karibu niyaache. Yalikuwa mara 2 kwa wiki, jumla vipindi 12. Kukaa kitini na kuinuka bila kujishika popote. Kupanda na kushuka kijingazi kimoja polepole. Kuvuta mkanda wa mpira kwa mguu. Ukiyatazama unaona ni mambo ya mtoto, lakini kipindi cha kwanza nilirudi nyumbani goti linawaka na nikamwambia binti yangu sirudi tena. Niliamini kila ninapoinama nalisaga gegedu lililobaki.

Yule mtaalamu alinikalisha chini akanieleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa goti, na ute huo huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiliwa, kama sifongo. Kumbe kulipumzisha siku nzima ni kulinyima. Tena gegedu lenyewe halina neva, maumivu hutoka kwenye mfupa, utando na misuli inayolizunguka, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na picha mbaya akatembea vizuri, na mwingine mwenye picha nzuri akalala akilia. Akanipa kipimo: maumivu mpaka 5 kati ya 10 wakati wa mazoezi yanakubalika, mradi kufikia kesho yake goti limerudi kwenye hali yake ya kawaida. Likibaki limechafuka, punguza uzito wa zoezi, usiache. Kipimo hicho kiliniondolea hofu kuliko dawa yoyote.

Wiki ya 5 sikuwa nimeona kitu. Wiki ya 8 niliinuka kwenye kigoda nikiwa nimempakata mjukuu wangu, nikafika mlangoni ndipo nikatambua nilichofanya. Nililia.

Uzito nao. Nimepungua kilo 7. Inakadiriwa kwamba kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua, na mimi nimeusikia wepesi huo hasa jioni.

Kwa maumivu ya kila siku natumia jeli ya diklofenaki ya kupaka. Vidonge vya ibuprofeni vilinituliza zaidi, lakini presha yangu ilipanda na daktari akavikata mara moja. Jeli huingia kidogo tu kwenye damu, na goti liko karibu na ngozi, kwa hiyo inalifikia. Fimbo pia nimeitumia, na kwa wiki nzima niliishika upande wa goti bovu. Inashikwa mkono wa upande wa pili. Laiti mtu angeniambia mapema.

Nilichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya goti, mara moja tu. Ilinipa wiki 6 za raha, nami nilizitumia kuongeza mazoezi. Nilipoomba nyingine daktari alisita, akanitajia utafiti wa mwaka 2017: waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa, na maumivu yao hayakuwa tofauti. Sikubishana.

Kliniki moja ya binafsi iliniahidi "kuotesha gegedu upya" kwa sindano za chembe sahani, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, kutoka kwenye damu yangu mwenyewe. Nilikataa. Utafiti wa mwaka 2021 uliwafuatilia wagonjwa miezi 12, na sindano hizo hazikuyashinda maji ya chumvi, si kwa maumivu wala kwa gegedu. Inanikera kuona watu wenye maumivu wakiuziwa ahadi ya namna hiyo.

Goti halijapona. Kushuka ngazi bado kunauma, siku nyingine 3 kati ya 10, siku nyingine 5. Ila nashuka nikitazama mbele, na usiku nalala. Mimi na daktari tumekubaliana: maumivu yakianza kuniamsha usiku, au nikishindwa kutembea nusu saa licha ya mazoezi, tutapanga upasuaji, na misuli niliyoijenga itanifaa hata huko. Kwa sasa tutaonana baada ya miezi 6. Goti la kushoto limeanza kutoa mlio asubuhi, nalo nimeliingiza kwenye mazoezi tangu wiki iliyopita.