Beaujolais: chupa ya kununua kwanza na ya kuacha rafuni

Wengi wanaijua Beaujolais, mvinyo wa eneo la Ufaransa lenye jina hilo, kwa ile ya Novemba tu, Beaujolais Nouveau, inayotoka kwa shamrashamra Alhamisi ya tatu ya mwezi. Wanaionja, inawakumbusha juisi, na habari inaishia hapo. Wanachokosa ni mivinyo myekundu myepesi, yenye harufu ya matunda na isiyokausha ulimi, ambayo bei yake haijaruka kama ya jirani zao wa Burgundy.

Tatizo liko kwenye lebo. Chupa nzuri za eneo hili, kaskazini mwa jiji la Lyon, mara nyingi hazina neno Beaujolais kwa herufi za kuonekana. Zimeandikwa Morgon, Fleurie au Chiroubles, na mnunuzi anazipita akidhani ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, jua ngazi zake tatu. Chini kuna Beaujolais ya kawaida. Juu yake kuna Beaujolais-Villages, inayotoka kwenye vijiji 38 vya vilimani. Kileleni kuna maeneo kumi yanayoitwa kru, kila moja likiuza kwa jina lake.

Zote nyekundu zinatokana na zabibu moja, Gamay. Mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Burgundy, aliamuru mizabibu hiyo ing'olewe katika himaya yake, akiiita mmea mbaya na usio mwaminifu. Kusini zaidi, kwenye vilima vya mawe ya matale, Gamay ilipata ardhi inayoipenda, na huko ndiko iliko hadi leo.

Ya kwanza: Morgon. Kama ni chupa moja tu, chukua hii. Ni nzito kidogo kuliko nyingine, ina ladha ya cheri iliyoiva sana, na nyuma yake kitu kama mawe yaliyonyeshewa. Ukiona Côte du Py kwenye lebo, hicho ni kilima chenye mwamba unaomeng'enyeka, na mvinyo wake unaweza kukaa miaka mitano hadi kumi bila shida. Morgon pia ndiko mkulima Marcel Lapierre, akifuata mawazo ya mkemia Jules Chauvet, alikoacha dawa za shambani na kupunguza salfa ya kuhifadhi kwenye mvinyo, wakati wengine wakikimbilia wingi. Jean Foillard, Guy Breton na Jean-Paul Thévenet walishika njia hiyohiyo. Chupa zenye majina yao si rahisi tena, lakini zipo Morgon nyingi za wakulima wasiojulikana ambazo Ufaransa hupatikana kwa yuro 12 hadi 20.

Ya pili: Beaujolais-Villages. Najua kuna watakaonuna kuona imetangulia Fleurie. Lakini huu ni mwongozo wa kununua, si mashindano ya urembo. Kwa mezani siku ya kawaida, pamoja na kuku wa kuchoma au soseji kavu kama walavyo Lyon, sioni sababu ya kulipa zaidi. Tafuta yenye maneno *mis en bouteille au domaine*, yaani aliyelima ndiye aliyetia chupani. Hii haina maana kwamba wafanyabiashara wakubwa ni wa kukwepwa. Lebo za maua za Georges Duboeuf, aliyefariki 2020, zimefika karibu kila pembe ya dunia, na kama dukani kwako ndizo pekee zilizopo, chukua ya kru uache ya kawaida.

Ya tatu: Fleurie. Laini, yenye harufu ya maua kweli. Ndiyo ya kumpa mtu asemaye hapendi mvinyo mwekundu. Inashuka nafasi moja kwa sababu ya bei tu. Jina zuri linauzika.

Ya nne: Moulin-à-Vent. Imepewa jina la kinu cha upepo kilichosimama katikati ya mashamba, na udongo wake una madini ya manganizi. Ndiyo nzito kuliko zote, nyingine hukaa kwenye mapipa ya mwaloni, na ikizeeka hufanana na mvinyo wa Burgundy. Nzuri sana, ila kama ulikuja kutafuta wepesi, hapa umepotea njia. Inunue ya kuweka.

Baada ya hizo, Côte de Brouilly, ya kwenye miteremko ya mlima, naipendelea kuliko Brouilly inayouzunguka. Brouilly ndiyo kru kubwa kuliko zote na ubora wake hupanda na kushuka. Chiroubles, ya juu zaidi milimani, ni nyepesi mno na ya kunywewa mapema. Juliénas ina viungo kidogo. Chénas ni ndogo na adimu. Régnié ndiyo ya mwisho kupandishwa daraja, mwaka 1988, na kwa hiyo bei yake bado ina huruma. Saint-Amour hununuliwa sana Februari, msimu wa wapendanao, kwa sababu jina lake lina neno la mapenzi. Mvinyo wenyewe hauna neno.

Ya mwisho: Beaujolais Nouveau. Vishada vizima huwekwa kwenye tangi lililofungwa, limejaa hewa ya ukaa, na zabibu zinaanza kuchacha ndani kwa ndani kabla ya kupasuka. Rangi inatoka, ukakasi unabaki kwenye maganda. Kru nyingi nazo hutumia njia hii kwa kiasi, lakini Nouveau inaharakishwa iwe tayari wiki chache tu baada ya mavuno, ndiyo maana nyingine hunukia ndizi mbivu na pipi. Novemba ni burudani. Ukiikuta rafuni Julai, tena kwa punguzo, iache hapohapo.

Kwa wanunuzi wa Dar, Mombasa au popote penye joto, chunguza chupa kuliko lebo. Mvinyo mwepesi huumia haraka juani. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu, au shingoni kuna mvinyo uliovuja ukakauka, chupa hiyo imepikwa. Omba ya nyuma, isiyopigwa na jua la dirishani. Tazama pia asilimia ya kilevi: miaka ya joto kama 2018 na 2022 ilitoa nyingi zenye 14 au zaidi, wakati 12.5 ndiyo yenye wepesi unaoutafuta.

Nyumbani iweke kwenye friji hadi ifike nyuzi 13 hivi. Ikiwa na joto la chumba cha Dar, kilevi kinapanda puani na tunda linapotea. Ikibaki, rudisha kizibo, irudi kwenye friji, na iishe kesho yake. Morgon hata huzidi kuwa tamu siku ya pili.