ACE kwa mafuta ghafi ya bomba: hodari wa hesabu, hafifu wa macho

Mafuta ghafi ya Kanada huingia Marekani usiku na mchana kwa bomba, kupitia sehemu kama Gretna, Manitoba. Hakuna dereva wa kusimamishwa wala kontena la kufunguliwa. Tamko la forodha hutumwa ACE, mfumo wa kielektroniki wa forodha ya Marekani, kwa kawaida na wakala mwenye programu iliyounganishwa na ABI, njia ya ACE ya kupokea matamko kutoka kompyuta za mawakala. Kwenye fedha mfumo huu unastahili sifa. Kwenye mafuta yenyewe, unaamini chochote utakachouandikia.

Kwenye tamko, bomba kama njia ya usafiri huandikwa namba 70. Manifesti (orodha za shehena) za kielektroniki za ACE zilitengenezwa kwa meli, reli, malori na ndege, kwa hiyo shehena ya bomba haina kitu cha kulinganishwa nacho. Ushahidi wako ni tiketi ya mita, yaani hati ya kiasi kilichopimwa bombani, na hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Pipa la forodha ni galoni 42 za Marekani kwenye nyuzi 60 za Farenhaiti, baada ya kutoa maji na taka. Mafuta mazito yakipita mita yakiwa na nyuzi 80, mapipa 100,000 ya kusomwa hupungua kwa takribani 800 yakirekebishwa. Anayejaza tamko akichukua safu ya ujazo ghafi (uliosomwa na mita) badala ya ujazo halisi (uliorekebishwa), ACE itapokea bila kulalamika.

Joto hilohilo linaharibu pia namba ya ushuru. Mafuta ya chini ya nyuzi 25 za API, kipimo cha wepesi wa mafuta na si cha joto, huingia 2709.00.10, senti 5.25 kwa pipa. Ya 25 na kuendelea huingia 2709.00.20, senti 10.5. Kwa mapipa 100,000 ni dola 5,250 au 10,500. Sampuli inayosoma API 25.6 ikiwa na joto la nyuzi 80 ni kama 24.4 tu ikirekebishwa hadi 60, yaani inavuka mstari kwa sababu ya joto, si kwa sababu ya ubora. Andika API iliyorekebishwa, na ripoti ya maabara ikae na tiketi.

Wengi hawalipi ushuru huo kwa sababu wanadai nafuu ya USMCA, mkataba wa biashara wa Marekani, Meksiko na Kanada. Tangu 1 Julai 2020, mafuta mepesi yanayochanganywa na lami ya Alberta ili ipite bombani hayaangaliwi asili yake, ilimradi hayazidi asilimia 40 ya ujazo. Unafuu huu ni mkubwa: bila huo, kila mchanganyiko ungehitaji kufuatilia kila tone lilikotoka. Lakini hesabu ya asilimia lazima iwepo kwenye faili, siyo kichwani mwa muuzaji.

Sehemu bora ya ACE kwa bomba ni upatanisho wa hesabu, yaani kutangaza kwa makadirio na kukamilisha baadaye. Muhtasari wa tamko, hati yenye thamani na ushuru, unadaiwa ndani ya siku 10 za kazi baada ya mzigo kuachiliwa, ilhali hesabu za bomba hufungwa mwisho wa mwezi na bei ya mwisho huja baadaye zaidi. Ukiweka alama ya upatanisho kwenye muhtasari, thamani unaweza kuifunga ndani ya miezi 21, na dai la USMCA ndani ya miezi 12, kwa tamko la aina 09. Dhamana yako ya kudumu lazima iwe na nyongeza ya upatanisho; isipokuwepo, alama haina kazi. Ukisahau alama, kuna marekebisho ya muhtasari, ndani ya siku 300 tangu tarehe ya tamko au hadi siku 15 kabla ya ushuru kufungwa rasmi, chochote kitakachotangulia. Baada ya hapo unabaki na pingamizi, na pingamizi linataka subira.

Malipo ya ushuru ya mwezi hayana usumbufu: taarifa moja, hadi siku ya 15 ya kazi ya mwezi unaofuata.

Kwa wanaojiandaa na bomba la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, mafuta yatakuwa mpito Tanzania, si uingizaji, lakini somo la joto ni kali zaidi. Yana nta, na bomba hupashwa yasigande. Yakiwa na nyuzi 50 za Selsiasi, ujazo unatofautiana na ule wa nyuzi 15 kwa karibu asilimia 3. Mfumo wowote wa forodha utakaotumika uwe na sehemu tatu tofauti: ujazo uliosomwa, joto, na ujazo uliorekebishwa. ACE inakubali namba moja tu ya mwisho, na huo ndio udhaifu wake mkubwa.