Mkopo wa kurudi shule kusomea uuguzi nikiwa na miaka 38: nyota 3 kati ya 5

Naandika hii kwa sababu kabla sijasaini nilimtafuta mtu aliyepitia nikamkosa, nikakuta matangazo tu ya watu wamevaa skrabu, zile nguo za wodini, wanacheka. Mi nilikuwa karani wa mahesabu miaka 14, nikaacha nikaenda kusomea uuguzi. Akiba ilitosha mwaka wa kwanza kwa kujibana, miaka 2 iliyobaki nikakopa kwenye kampuni ya mikopo ya elimu, jina naliacha.

Wapewe maua yao kwanza. Walijibu haraka, na kabla ya kupitisha fomu walihakiki kama chuo kinatambulika na baraza la wauguzi, kitu ambacho wengi tunasahau halafu unamaliza kozi hakuna anayekusajili. Hela wanalipa chuoni moja kwa moja kila semista kwa hiyo hata ukitaka kuila huwezi.

Sasa riba. Tangazo linasema asilimia 12 kwa mwaka, afisa mikopo akanigeuzia kikokotoo chake nione rejesho la mwezi, "si unaona dada yangu, mbona ni kidogo," na mimi karani mzima nikaitikia! Nimefika nyumbani nimepiga mwenyewe ndo nikagundua wanachaji ile 12 kwenye mkopo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kile ulichokwisha kurudisha kinaendelea kuhesabiwa. Ukilipa kwa miaka 3, kila 100 uliyokopa inazaa riba 36. Ingekuwa asilimia 12 hiyohiyo kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, riba ingekuwa kama 19 na nusu tu. Yaani 12 yao ukiigeuza kuwa ya salio ni kama 21. Hawajadanganya, imeandikwa kwenye mkataba, ila kwa herufi za kusomea na miwani.

Halafu mkopo ni wa ada peke yake. Viatu, yunifomu, saa ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde, chanjo ya homa ya ini B dozi 3 ambazo zinachukua miezi 6 kwa hiyo uanze mapema, nauli ya kwenda wodini alfajiri, vyote mfukoni mwako. Na usijidanganye utafanya kibarua pembeni, mi nilijidanganya. Kozi hii vitendo ni vingi mno, nchi za Umoja wa Ulaya kwa mfano sheria yao inataka masaa 4,600 kwa muuguzi na angalau nusu yawe ya vitendo, na rosta ya wodi haijui kama una kazi nyingine wala mtoto.

Kilichoniuma zaidi ni muda wa kuanza kulipa. Wanakupa miezi 24 ya kupumua, nikaona inalingana kabisa na masomo yangu, kumbe inahesabiwa kuanzia siku hela ya kwanza ilipotoka na siyo siku utakayopata leseni. Baada ya mtihani wa mwisho kuna usajili, kuna kusubiri, na bila leseni hakuna wodi inayokuajiri. Meseji ya "rejesho lako linakaribia" ilinikuta zamu ya usiku ya mwishomwisho, nimeshika mkono wa bibi mmoja nahesabu mapigo, simu ikatetemeka mfukoni, nikapotea kwenye arobaini na kitu nikaanza upya. Bibi akaniuliza, "mwanangu, kwani moyo wangu una shida?" Nikamwambia hapana bibi, wako uko sawa.

Ukiniuliza leo, ningeanza kwa kuuliza hospitali. Mwenzangu darasani alilipiwa ada yote na hospitali kwa mkataba wa kuwafanyia kazi miaka kadhaa akimaliza, akiondoka mapema anarudisha. Watu wanaita kufungwa, mi naona ni kupewa kazi kabla hujamaliza shule. Nilijua nikiwa nimeshasaini kwangu.

Nilivyolalamika kampuni waliniongezea miezi 4 bila usumbufu, nikawashukuru sana kwenye simu. Taarifa ya mkopo ya mwezi uliofuata ndo ikanionyesha riba ya hiyo miezi 4 wameshaijumlisha kwenye deni.