Pampu ya hewa ya betri kwenye tangi la maji ya chumvi: uzoefu wangu wakati wa dhoruba

Kifaa ninachokieleza hapa ni pampu ndogo ya hewa yenye betri ya lithiamu-ioni ndani yake, ambayo hukaa imechomekwa kwenye soketi wakati wote na kujiwasha yenyewe umeme unapokatika. Naitumia kwenye tangi la maji ya chumvi la lita 200 lenye matumbawe laini, mawe hai (yaani mawe ya baharini yenye bakteria wanaoishi ndani yake), samaki mmoja aina ya kangaja, jozi ya wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaojificha kwenye anemoni, pamoja na kamba na konokono wa kusafisha. Dhoruba iliyopita ilikata umeme jioni, na umeme huo haukurudi mpaka siku ya pili ilipokuwa inaelekea ukingoni. Samaki wote walivuka salama na matumbawe yalifunguka tena. Tathmini yangu kwa hiyo ni nzuri, lakini ina masharti kadhaa ambayo kijitabu cha maelekezo hakiyataji.

Niseme kwanza kwa nini niliichagua pampu ya hewa badala ya betri kubwa ya kuendesha kila kitu. Umeme ukikatika, wengi wetu hukimbilia kuwaza joto na taa, wakati kinachoua kwanza ni upungufu wa oksijeni. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, yakiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, hayabebi zaidi ya miligramu 6.8 hivi za oksijeni kwa lita hata yakiwa yameshiba, ilhali maji yasiyo na chumvi ya joto hilo hilo hubeba zaidi ya miligramu 8. Akiba ni ndogo tangu mwanzo, na wanaoigombania ni wengi: samaki, kamba, bakteria wanaoishi ndani ya mawe na mchanga, na usiku hata matumbawe yenyewe, kwa sababu vijimwani vinavyoishi ndani yake hutoa oksijeni penye mwanga tu na gizani huitumia kama viumbe wengine. Pampu za mkondo, zile zinazoyazungusha maji ya tangi, zikisimama, uso wa maji hutulia kabisa, na maji yaliyotulia hubadilishana hewa polepole mno kuweza kufidia kinachotumika. Taa, kwa upande mwingine, si tatizo la haraka, kwani matumbawe huvumilia siku kadhaa za giza bila madhara ya kudumu.

Kazi ya pampu hii, basi, ni kuutikisa uso wa maji, na ni vizuri mnunuzi alielewe hilo kabla ya kuamua aifunge wapi. Sehemu kubwa ya oksijeni haiingii kutoka ndani ya mapovu. Inaingia pale juu, mapovu yanapoyasukuma maji ya chini yapande na kuuvunjavunja uso. Jiwe la hewa lililokuja na pampu hutoa mapovu madogo mno, mazuri kwa macho, lakini hubana njia ya hewa, huilazimisha mota kufanya kazi zaidi, na chumvi huliziba upesi. Mimi nimeliondoa na kuuacha mpira wa kupitishia hewa wazi, nikaufunga katikati ya kina cha tangi, kwa sababu kadiri unavyoushusha ndivyo pampu inavyopambana na uzito wa maji na betri kuisha mapema. Mapovu makubwa yenye kelele yanayopatikana hivyo yanasukuma maji kwa nguvu kuliko ule ukungu mzuri wa mapovu ya jiwe.

Pampu ina mipangilio miwili: kuvuma mfululizo, na kuvuma kwa vipindi ikipumzika kati ya kimoja na kingine ili kutunza betri. Muda mrefu unaotangazwa kwenye boksi ni wa mpangilio wa pili, jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo sana. Usiku ule niliiacha kwenye vipindi na mambo yakaenda vizuri kwa saa za mwanzo. Kadiri usiku ulivyozidi kukua, nilipomulika kwa tochi nilimwona kangaja ameacha maficho yake kwenye mawe, amekaa juu pembeni, mdomo umekaribia uso wa maji na matamvua yanakwenda mbio, wakati wale wadogo wa kwenye anemoni walikuwa bado wametulia mahali pao. Ndivyo ilivyo: samaki mkubwa anayeogelea siku nzima ndiye huhitaji oksijeni nyingi, na ndiye wa kumtazama kwanza. Nilihamisha kitufe kwenye mfululizo, na nikawa nachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu kidogo kwa dakika kadhaa, njia ya kizamani lakini inayofanya kazi kweli. Haukupita muda mrefu kangaja akarudi chini. Kwa tangi lenye samaki wa aina hiyo, ningesema mpangilio wa vipindi ufae tu pale unapojua umeme utarudi baada ya muda mfupi.

Kwenye mfululizo betri ya ndani haikumaliza usiku, wala sikutarajia imalize. Hapo ndipo umuhimu wa tundu la USB ulipojitokeza, kwa sababu pampu inaweza kulishwa na pawabenki ya simu huku ikiendelea kuvuma. Hesabu yake si ngumu. Pawabenki ya miliampia-saa 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, kwa hiyo ina kama wati-saa 37, na baada ya kupoteza kiasi katika kupandisha volti zifike 5, pampu inayotumia wati 2 inaweza kuendeshwa kwa saa kati ya 12 na 15. Kuna kikwazo kimoja ambacho sikukiona kimeandikwa popote: pawabenki nyingi hujizima zikihisi kwamba kifaa kinavuta umeme kidogo mno, zikidhani simu imekwisha kujaa. Kwenye vipindi, pampu inapopumzika, pawabenki moja niliyo nayo hukata umeme na haiwaki tena mpaka uibonyeze, ilhali kwenye mfululizo haina matata. Jaribuni muunganiko huu mchana wa jua, si wakati upepo unapong'oa mabati.

Kujiwasha kwenyewe ndiko sifa kuu ya kifaa hiki, na kunafanya kazi mara moja bila kusita. Hata hivyo, akili yake ni fupi: inachojua ni kama soketi iliyochomekwa ina umeme au haina. Ukiichomeka kwenye soketi ya chumba kingine, na swichi ya kinga ya mstari wa umeme wa tangi ikajikata peke yake, pampu itaona umeme upo na itakaa kimya huku tangi likisimama. Ukiichomeka nyuma ya betri ya akiba ya kompyuta, haitawaka mpaka betri hiyo iishe. Mahali pake ni kwenye ubao ule ule wa soketi unaolisha pampu za tangi. Tangu hapo nimejizoeza kuichomoa mara kwa mara na kuiacha ivume kidogo, kwa sababu betri ya lithiamu-ioni inayokaa imejaa wakati wote, tena ndani ya kabati lenye joto, hupungua uwezo taratibu, na taa ya kijani iliyo usoni mwa pampu haisemi lolote kuhusu hilo. Taa hiyo huonyesha kwamba chaji imejaa, lakini kujaa kwa betri iliyochakaa na kujaa kwa betri mpya si kitu kimoja.

Sasa malalamiko. Kelele yake ni ya kukera. Si kubwa, lakini ni ya mtetemo unaosambaa kwenye mbao za kabati, na vijiguu vya mpira vilivyo chini yake havizuii pampu kutambaa yenyewe kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Nimeining'iniza kwa kamba na tatizo limepungua. Pili, mapovu yanayopasuka hurusha vitone vya maji ya chumvi, na baada ya saa kadhaa kifuniko, ukuta na hata waya huwa na ukoko mweupe wa chumvi. Chumvi na soketi havipatani. Waya wa pampu lazima ulegezwe uning'inie chini ya kimo cha soketi kabla haujapanda kuingia, ili maji yanayoteremka kwenye waya yadondoke sakafuni. Tatu, na hili silielewi kabisa, vali ya kuzuia maji yasirudi haimo ndani ya boksi. Pampu ikizimika ikiwa imewekwa chini ya kimo cha maji, maji huweza kurudi kwenye mpira, yakaingia ndani ya pampu na kuendelea kumwagika nje ya tangi. Kama huna vali, iweke pampu juu kuliko uso wa maji.

Kuhusu joto, msitarajie pampu hii wala betri yoyote ya ukubwa wa kawaida kulinda chochote. Kuyapandisha maji ya lita 200 kwa nyuzi moja tu kunahitaji karibu wati-saa 230. Betri ya risasi ya volti 12 na ampia-saa 7, ambayo ndiyo hukaa ndani ya vifaa vingi vya akiba ya kompyuta, ina wati-saa 84 kinadharia. Hita ya wati 200 ingeimaliza kabla nusu saa haijapita, na joto la tangi lisingepanda hata nusu nyuzi. Maji mengi yenyewe ndiyo hifadhi ya joto. Niliyazungushia mablanketi pande zote na kuacha sehemu ya juu wazi ili hewa iendelee kubadilishana, na kipimajoto kilishuka polepole kiasi cha kutotia wasiwasi. Aliye mahali pa joto kali atakuwa na shida ya upande wa pili, kwa sababu maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo zaidi huku viumbe vikiihitaji zaidi. Huyo ataelesha chupa zilizofungwa za maji yaliyoganda, moja moja, asije akalishusha joto la maji ghafla.

Nimeulizwa kama ningependelea pampu ya mkondo ya volti 12 iliyounganishwa na betri kubwa. Kwa tangi lenye matumbawe magumu yaliyosongamana, ndiyo, bila kusita. Pampu kama hiyo ikivuta wati 5 huyazungusha maji ya tangi zima, hufika nyuma ya mawe mahali ambapo mapovu hayafiki, hairushi chumvi na haina kelele. Lakini inahitaji betri, chaja na mtu anayejua kuviunganisha, na ikishindwa kujiwasha hakuna kinachobaki. Nikiwa na fedha za kununua kimoja tu ningeanza na pampu ya hewa. Nikiwa nazo za viwili, ningekuwa na vyote na kuvichomeka mbalimbali. Jenereta ni jambo jingine kabisa, na haipaswi kuwashwa ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha, kwa kuwa kaboni monoksidi inayotoka kwenye moshi wake haina harufu na huua watu kabla ya samaki.

Yapo mambo ambayo pampu hii haiwezi kukusaidia, na mnunuzi asiilaumu kwayo. Chujio la nje lililofungwa likisimama, bakteria waliomo humaliza oksijeni ndani ya saa chache na maji yake huanza kuoza. Nililifungua kabla ya kuliwasha, nikakuta harufu ya yai bovu, nikayamwaga maji yote na kusuuza vichujio kwa maji ya chumvi. Ningeliwasha hivyo hivyo, uozo wote ungeingia kwenye tangi. Hita nayo niliichomoa mapema, kwa sababu kimo cha maji kikishuka na umeme ukarudi ghafla, hita iliyo nje ya maji inaweza kupasuka. Chakula nilikisitisha kabisa. Samaki wenye afya hawadhuriki kwa kukosa mlo siku chache, lakini kila punje isiyoliwa hugeuka amonia wakati ambapo hakuna wa kuisafisha.

Umeme uliporudi niliiacha pampu ya hewa iendelee kuvuma sambamba na pampu za mkondo, na nikapima amonia kabla ya kulisha. Hapa pana jambo la kuangaliwa: maji yasipopata hewa hukusanya kaboni dioksidi, pH (kipimo cha uasidi wa maji, ambacho hushuka uasidi ukizidi) hushuka, na amonia iliyopo hubaki katika hali isiyo kali sana, lakini mzunguko ukirudi pH hupanda, na sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka. Kipimo changu kilionyesha kiasi kidogo, nikabadilisha sehemu ya maji kwa maji ya chumvi niliyokuwa nimeyaandaa kabla ya dhoruba, na keshoye kipimo kilikuwa safi. Chombo cha kutoa uchafu kwa povu kilifurika povu kwa muda, kama kawaida yake baada ya kusimama, kisha kikatulia.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwa sababu ya vali isiyokuwemo na ule muda wa betri uliotangazwa kwa mpangilio ambao tangi lenye samaki wakubwa haliwezi kuutegemea. Toleo lijalo likiwa na vali, na taa inayoonyesha uwezo halisi wa betri badala ya chaji peke yake, nitanunua la pili kwa ajili ya tangi la karantini.