Ijumaa jioni na mama mdogo kwenye maktaba ya Morgan, New York

Mama mdogo alikuja kututembelea kutoka Mombasa, na siku ya pili tu maghorofa yalishamchosha. Nikampeleka Morgan Library & Museum, kona ya Madison Avenue na mtaa wa 36. Sababu, niseme ukweli, ni kwamba Ijumaa jioni kiingilio ni bure. Ila ujiandikishe mtandaoni mapema. Mimi mara ya kwanza nilijiendea kichwa kichwa, nikakuta nafasi zimeisha, nikarudi na baridi yangu.

Ukiingia, usipoteze muda kwenye upande mpya wa vioo. Nenda moja kwa moja jengo la zamani, lililomalizika 1906, alilojijengea J. Pierpont Morgan, yule tajiri wa benki. Nje kuna simba jike wawili wa mawe. Mama mdogo akakumbuka simba wa maktaba ya McMillan pale Nairobi.

Chumba cha vitabu ndicho chenyewe. Rafu za mbao nyeusi zimepanda tabaka tatu hadi karibu na dari, na ngazi huioni hata moja, maana zimefichwa nyuma ya makabati ya pembeni. Mama mdogo aliinua kichwa mpaka ushungi ukamteleza.

"Mwanangu, vyote hivi vya mtu mmoja? Alivisoma saa ngapi?"

Juu ya meko limetundikwa zulia la karne ya 16, limefumwa Brussels, na habari yake ni dhambi ya uroho wa mali. Kwa mwenye benki! Mama mdogo akacheka: "Alijijua." Na ni ndani ya jengo hili hili, 1907 benki zilipoyumba, Morgan aliwafungia mlango mabosi wenzake usiku kucha mpaka wakakubali kutoa pesa.

Biblia ya Gutenberg, kitabu kikubwa cha kwanza kuchapwa Ulaya kwa herufi za chuma, wanazo tatu. Tuliyoiona ina zaidi ya miaka 550, na wino bado mweusi tii.

Lakini kilichonikaa moyoni ni Belle da Costa Greene. Aliajiriwa na Morgan 1905 kumtunzia vitabu, na maktaba ilipofunguliwa kwa umma 1924 akawa mkurugenzi wake wa kwanza, hadi 1948. Baba yake, Richard Greener, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Harvard College, 1870. Binti akaishi kama mzungu, jina la ukoo likakatwa herufi ya mwisho, na kabla hajafa akachoma barua zake.

Nilimsimulia mama mdogo hayo tukiwa tumekaa. Saa moja na nusu inatosha kwa ziara nzima, sisi tulitumia mbili. Nyota tano.

Kwenye treni alinyamaza vituo vitatu, kisha akaniuliza: "Na huyo baba, alikuwa akimtaja kwa jina gani?"