Vitabu vya kutisha vya kununua kabla ya Halloween: kwa msomaji wa Uganda

Oktoba ikifika katikati, baa za Kampala zinaanza kubandika mabango ya maboga na mafuvu, na makanisa nayo yanaanza kuonya juu ya sherehe za mashetani. Mimi simo kwa hawa wala kwa wale. Tarehe 31 usiku mvua huwa imeshika, umeme ni wa kubahatisha, na hakuna wakati mzuri kama huo wa kujifunika blanketi na kitabu cha kutisha. Tatizo ni kuchagua. Vitabu vya kuagizwa ni ghali, na jalada lililochorwa damu halikwambii kitu.

Kipimo changu ni kimoja: hofu ya kitabu iko karibu kiasi gani na kwako? Mzuka wa ngome ya Ulaya hupendeza, lakini kinachomwamsha mtu akaangalie komeo la mlango ni jambo ambalo hata mchana alikuwa akiliogopa. Kwa kipimo hicho, nimevipanga hivi.

1. Pet Sematary, Stephen King (1983)

Daktari Louis Creed anahamia Maine, Marekani, na mkewe na watoto wao wawili wadogo, kwenye nyumba iliyo kando ya barabara kuu. Malori yanapita mbio mchana na usiku. Nyuma ya nyumba kuna njia ya kwenda kwenye makaburi ambako watoto wa eneo hilo huzika mbwa na paka wao waliogongwa. Paka wa binti yake naye anagongwa. Jirani, mzee mwema tu, anampeleka Louis usiku kumzika mahali pengine, mbele zaidi ya makaburi hayo. Kesho yake paka anarudi nyumbani, ananuka udongo, anayumba kama mlevi.

Mtu wa Malaba, Tororo au Iganga, anayelala akisikia matrela ya Mombasa yakipangua gia, hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo maana nimekiweka mbele ya The Shining (1977) ya mwandishi huyohuyo, ambayo wengi huisifu zaidi. Hoteli iliyozingirwa na theluji, kwetu sisi, ni hofu ya kuazima.

Mwenye mtoto anayejifunza kutembea asikinunue mwaka huu. Sitanii. Na ukikitafuta mtandaoni, andika Sematary kwa S, maana jina limekosewa makusudi kufuata kibao kilichoandikwa na watoto. Kwa wauza vitabu vya mitumba tafuta toleo lolote, hata lililochakaa, bora kurasa zitimie.

2. Kintu, Jennifer Nansubuga Makumbi (2014)

Dukani utakikuta kwenye rafu ya riwaya za Kiafrika, na wapo watakaoniambia si kitabu cha kutisha. Wasome tena mwanzo wake: Bwaise, Januari 2004, asubuhi, wanaume wanabisha hodi, wanamtoa mtu ndani kwake, na muda si mrefu umati unamuua kwa kuitwa mwizi. Hapo hakuna jini wala msezi mla maiti. Ni watu wa mtaani.

Kisha hadithi inarudi nyuma hadi Buganda ya 1750. Kintu Kidda, akiwa njiani kwenda kumtii kabaka mpya, anampiga kofi kijana aliyemlea mwenyewe. Kijana anakufa palepale. Baba aliyemzaa kijana anapojua ukweli analaani ukoo wote, na laana inashuka kizazi kwa kizazi hadi kwa wajukuu wanaopanda teksi hizihizi tunazopanda. Mganda yeyote aliyewahi kuketi kwenye kikao cha ukoo akasikia wazee wakishusha sauti atajua kwa nini nakiweka namba mbili.

Kilichapishwa kwanza Nairobi na Kwani Trust. Matoleo ya Marekani na Uingereza yalifuata 2017 na 2018. Hadithi ni ileile, kwa hiyo chukua lililo nafuu. Kaa na karatasi uchore ukoo, la sivyo majina yatakuchanganya.

3. Dracula, Bram Stoker (1897)

Hiki usikinunue! Hakimiliki yake imekwisha, na tovuti ya Project Gutenberg inakitoa bure. Unakipakua kwenye simu kwa data kidogo tu. Kimeandikwa kama shajara, barua na vipande vya magazeti, na sura nne za mwanzo, ndani ya ngome, bado hazijapata mshindani. Harker, wakili kijana aliye mgeni ngomeni, ananyoa ndevu, mwenyeji wake anamsogelea kwa nyuma, na kwenye kioo hamna mtu. Baadaye anachungulia dirishani na kumwona bwana huyohuyo akishuka ukutani kichwa chini, kama mjusi.

Halafu katikati kinakokota miguu, wanaume wanafanya vikao na kupongezana. Vumilia. Kwa Kampala kina ladha ya ziada, kwa sababu zama za ukoloni ulienea hapa uvumi wa wazimamoto waliodaiwa kukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Kama una bibi au babu anayezikumbuka habari hizo, muulize kwanza, ndipo usome.

4. A Killing in the Sun, Dilman Dila (2014)

Hadithi fupi za mwana wa Tororo, anayechanganya sayansi, mizimu na uchawi bila kuomba radhi. Haziko sawa kwa ubora, ila kwa mtu mwenye kazi na watoto ndizo zinazofaa: moja kila usiku, taa inazimwa.

5. The Haunting of Hill House, Shirley Jackson (1959)

Kifupi na cha kiungwana. Kuna mahali Eleanor, mmoja wa wageni wa nyumba yenye mizuka, anashika mkono wa mwenzake gizani, kisha taa inawaka. Sisemi zaidi.

Wanaotaka Kiswahili nawaelekeza kwa Babu Alipofufuka (2001) cha Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar: marehemu babu anamrudia mjukuu mwenye cheo na mali kumdai hesabu. Kinatisha kwa njia ya siasa, na Kiswahili chake kinataka msomaji mtulivu. Usidanganyike na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960). Ni kizuri sana, lakini ni cha upelelezi. Vyote viwili ni rahisi kupata Nairobi kuliko Kampala, basi mtume ndugu anayesafiri. Watoto wa msingi wape Goosebumps za R. L. Stine, zilizoanza 1992. Mitumba yake haiumizi mfuko.

Kuhusu dukani. Aristoc na Uganda Bookshop ndipo pa kuanzia kwa vitabu vipya, na piga simu kwanza kabla ya kumlipa boda. Angalia mambo mawili. La kwanza, Dracula na Frankenstein huuzwa pia katika matoleo ya shule yaliyofupishwa, yenye jalada linalofanana na kitabu kamili. Dracula kamili ina sura 27. Ukikuta kijitabu chembamba, hiyo ni habari ya Dracula, si Dracula. La pili ni nakala za fotokopi za barabarani. Mimi niliwahi kuuziwa moja iliyoruka kurasa kumi na sita pale muuaji alipokuwa ndio anafungua mlango. Pekua kitabu chote, fuata namba za kurasa, hasa mwishoni. Muuzaji akikataa kufungua nailoni iliyofunika kitabu, nenda kwa wa jirani.