Tairi ya baiskeli iliyotoka kwenye mizizi ya maua: nimeipanda hapa Busia

Watu wa baiskeli, hii tairi lazima niiongelee. Inaitwa Urban Taraxagum, ya Continental wa Ujerumani, ilitoka 2019, na mpira wake wa asili hautoki kwenye ule mti tuliouzoea, unatoka kwenye mizizi ya dandelioni ya Kirusi, maua fulani madogo ya manjano. Binamu yangu aliniletea akija likizo, fundi akaivalisha nyuma maana nyuma ndiko mzigo unakaa.

Kwanza angalia rimu. Yangu ni 35-622, yaani upana milimita 35 na kipenyo cha rimu milimita 622, inaingia kwenye zile baiskeli za mitumba za Ulaya, lakini blakimamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ya inchi 28 kwa 1½ rimu yake ni 635, haikubali hata fundi atoe jasho namna gani, so soma namba kwenye ubavu wa tairi yako ya zamani kabla hujaagiza.

Barabarani nimeipenda sana. Lami ya kwenda Tororo mvua ikishanyesha inateleza vibaya, uko na gunia la mahindi nyuma na lori za mpakani zinakupita karibu kabisa, na hii inashika, unakata kona bila roho kuruka. Murram kavu inapita vizuri, matope mazito tafuta tairi ya meno marefu, hii ni ya mjini. Ubavu bado mzima kabisa, wakati zile za bei rahisi za sokoni jua likizipiga kidogo zinapasuka, ukibonyeza na kidole unaona nyuzi.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: mpira mwingi wa asili duniani unatoka Asia kusini-mashariki, mti unaulea kama miaka 7 ndio uanze kuugema, na kule Amazon ugonjwa wa majani ulishamaliza mashamba ya mpira ya Henry Ford, yule wa magari. Dandelioni unaivuna ndani ya mwaka mmoja. Shida ni kwamba mizizi ni midogo, na hapo ndipo naona akili mnemba na roboti zina kazi kweli, kuchagua miche yenye mpira mwingi, halafu kwenye mchanganyiko wenyewe, maana tairi ni mpira, salfa, masizi, silika (unga wa madini kama mchanga), mafuta, ukigusa kipimo kimoja inashika zaidi lakini inaisha haraka. Roboti inachanganya na kupima usiku kucha, kompyuta inasoma majibu na kusema tujaribu nini kesho. Na kwenye msitu wa Mabira, Uganda, kuna Funtumia, mti wetu wa mpira wa porini, mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikuwa wanaugema, jamani watu wa Makerere, utomvu wake nao upitishwe kwenye hizo mashine!

Naipa 9 kwa 10. Hiyo moja imekatwa kwa sababu hapa Busia sijaiona dukani, mpaka uagize. Kama una mtu anakuja kutoka Ujerumani mwambie alete mbili, na tyubu yenye valvu inayoingia kwenye rimu yako.